Kundi la Nanga

Kibaraza changu kinatazamana na geti la shule. Hakuna kinachoingia wala kutoka pale nisikione: mwalimu aliyechelewa, mzazi aliyeitwa akatoka anafuta machozi, karani anayeondoka na karatasi chini ya kwapa. Watu wanasema mimi ni mmbea. Mimi nasema sina pazia. Ukikaa siku nzima mahali pasipo na pazia, unashona sare, macho utayaweka wapi?

Geti lenyewe ni la bluu, na katikati yake kuna namba nyeupe, ndefu kama mtoto wa darasa la tatu: 341.6, kati ya alama mia tano za mtihani. Chini yake maneno: WASTANI WETU, FAHARI YETU. Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, mchora mabango huja na ngazi, akafuta namba ya zamani na kuandika mpya, na watu husimama kumtazama kana kwamba bibi harusi anashuka garini. Mwalimu mkuu hukaa chini ya ngazi, mikono nyuma, akielekeza. "Nukta ikae vizuri. Nukta isionekane kama uchafu." Mtu huyu ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu wastani umepanda. Mtaani tunamwita Bwana Wastani, na nadhani hata mkewe humwita hivyo, ila yeye kwa hasira.

Mimi nami nilikuwa mle mle, nisijitakase. Kibao changu kilisema FUNDI WA SARE ZA SHULE NAMBA MOJA, na hilo "namba moja" nilimbembeleza mchora mabango mwenyewe aliandike kwa rangi nyekundu.

Kwangu hapakosi watu, na ndivyo ninavyopenda. Kibarazani nakaa na Fundi Viatu, mzee mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake, anayeshona soli za watoto wale wale ninaowashonea mashati. Chumba cha uani amepanga Mwalimu Chaki. Anafundisha darasa la mwisho pale shuleni, na jina tumempa sisi, kwa sababu kila sketi yake ina alama ya kiganja cheupe ubavuni. Na ndani kuna Taratibu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuja kwangu ana miaka minane, bega la kulia limeshuka kidogo kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkokoteni. Jina la Taratibu alijipa kwa vitendo. Akila, taratibu. Akifagia, taratibu. Ukimuuliza kitu, unaweza kutunga uzi kwenye sindano kabla jibu halijatoka. Na mbele ya mtu asiyemjua hujifunga kabisa. Hata jina lake utamtajia wewe.

Mwaka juzi mtoto huyu alikuwa hasomi. Darasa la sita, na kitabu anakishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Walimu walishampita, wanamwita "yule wa nyuma". Mwalimu Chaki alipohamia uani kwangu akamwona amejikunja chini ya meza ya kukatia, akaketi naye pale pale chini, sakafuni, akachukua daftari langu la vipimo.

"Hii nini?"

Uzi ukapita kwenye sindano.

"Ki... fu... a."

"Kifua. Na hii?"

"Be... ga."

Kila alasiri hivyo, miezi na miezi. Kitabu chao kilikuwa kifua, bega, kiuno, mkono, na majina ya vifungo. Mwaka ulipozunguka, Taratibu alikuwa ananisomea mimi. Ndivyo tunavyofanya kazi mpaka leo: yeye anasoma kipimo, mimi nakata, macho yangu hayatoki kwenye mkasi. Siku ya kwanza aliposoma mstari mzima bila kusimama, nilikata shati la mtu mkono mmoja mfupi, kwa furaha.

Basi mwaka huu, muhula wa pili, akarudi kutoka shule anatabasamu. Taratibu hatabasamu ovyo.

"Mama Mdogo, nimechaguliwa."

"Kufanya nini?"

"Niko kundi la Nanga. Tuko kumi na mmoja. Mwalimu mkuu amesema sisi ndio nanga za shule."

Nikamgeukia Fundi Viatu. "Nanga si ndiyo ile inayoshika meli isichukuliwe na maji?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema, misumari mdomoni. "Chuma kizito. Bila hicho nahodha halali."

Jamani, nilifurahi! Niliketi palepale nikamtarizia nanga kwenye begi, kwa uzi wa njano, mishono ya mara mbili ili isifumuke. Kesho yake mama wa pacha akaliona, akataka na ya wanawe. Muuza mkaa akaja kwa ajili ya bintiye. Nilitarizi nanga nne wiki ile na kila aliyepita nilimweleza: mwanangu amechaguliwa. Jioni Mwalimu Chaki aliliona lile begi limening'inia msumarini. Akaligusa. Akasema, "Umeshona vizuri, Fundi," akaingia chumbani kwake bila kunywa chai. Nikadhani kichwa kinamuuma.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, Bwana Wastani akavuka barabara kwa miguu yake mwenyewe. Hiyo haijawahi kutokea. Siku zote humtuma karani.

"Hamjambo hapa."

"Hatujambo, Mwalimu," akadakia Fundi Viatu. "Wastani hajambo?"

Akacheka kwa meno tu. Akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Mashati kumi na moja, kijani, kola ya njano.

"Kijani?" nikasema. "Mwalimu, umehama chama?"

"Si za kwetu. Kuna shule ndogo ng'ambo ya reli, tunawasaidia. Ijumaa watoto wao wanapigwa picha za usajili wa mtihani, na Ijumaa hiyo hiyo usajili unafungwa. Vipimo vyote vimo humo. Hakuna haja ya kuwaita watoto."

"Na majina?"

"Majina ya nini, Fundi? Shati linavaliwa na mwili."

Nilicheka. Nilimwona mtu mwema, anasaidia shule ndogo.

Jumanne alasiri nikatandika kitambaa mezani, nikachukua chaki, Taratibu akakaa juu ya ndoo ya maji iliyogeuzwa, karatasi mkononi. Akasoma namba moja, nikakata. Namba mbili, nikakata. Fundi Viatu anapiga mluzi wake mbovu kule nje. Tatu, nne, tano.

"Namba sita," akasoma. "Kifua ishirini na nane. Kiuno ishirini na tano. Bega la kushoto kumi na tatu. Bega la kulia kumi na mbili na nusu. Ndoano."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

Nieleze ndoano. Mtoto anayerefuka haraka nampigia alama pembeni ya kipimo chake, kijimstari kilichopinda kama ndoano ya kuvulia, maana yake: pindoni acha vidole viwili, huyu mwakani atakuwa mwingine. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna fundi mwingine anayeitumia. Ni yangu, kama kikohozi changu. Sasa alama yangu ilifikaje kwenye karatasi ya shule ya ng'ambo ya reli?

Ilifika hivi. Mwanzoni mwa mwaka karani aliazima daftari langu la vipimo, eti wanahesabu sare. Akakaa nalo siku mbili. Mtu yule alinakili kila kitu bila kuelewa, mpaka ndoano. Waliondoa majina, wakadhani wamewaficha watoto. Hawakujua kwamba kwa fundi kinachoondoka ni jina tu. Mtoto anabaki palepale.

Taratibu alikuwa ameweka mkono juu ya bega lake la kulia.

"Mama Mdogo. Huyu ana bega kama langu."

Niliuchomoa mkasi kwenye kitambaa.

"Na ndoano kama yangu." Kidole chake kikarudi juu ya karatasi, polepole. "Namba mbili ni yule wa nyuma yangu, uliyemwongezea kwapa. Nne na tano ni pacha. Tisa ni binti wa muuza mkaa." Akanitazama. "Wote ni Nanga. Shule yetu si ni bluu?"

"Nenda katazame sufuria jikoni," nikamwambia.

Jikoni hapakuwa na sufuria motoni. Akaenda hivyo hivyo.

Mwalimu Chaki aliporudi nilimngoja pale uani, anaponawa mikono. Nilimwonyesha karatasi. Maji meupe yanachuruzika vidoleni.

"Mwalimu, nanga ni nini?"

"Fundi, leo nimechoka."

"Hata mimi. Nanga ni nini?"

Akaketi juu ya robota la kitambaa cha kijani. Nilitaka kumwambia asilichafue, nikaacha.

"Ni neno la ofisi ya walimu," akasema. "Mtoto anayevuta wastani chini. Nanga inazamisha. Ndivyo wanavyosema, wanacheka."

"Haizamishi. Inashika."

"Kwao inazamisha."

Akanieleza yote, na ningependa angenieleza siku nyingine, si siku ambayo kijani ilikuwa mezani. Ofisini mwao viti vimepangwa kwa wastani. Mwenye wastani wa juu anakaa karibu na dirisha. Wa mwisho anakaa mlangoni, kando ya mafagio, na kila anayeingia mlango unampiga goti. Kiti hicho ni chake mwaka wa pili sasa.

"Nikimchukua mtoto wa sifuri nikamfikisha thelathini na nane kwa mia, kwenye karatasi yao ni thelathini na nane. Mwenzangu anapokea watoto wa tisini, anawafikisha tisini na mbili, amepewa saa ya ukutani." Akajipangusa kwenye sketi, kiganja kingine cheupe. "Ijumaa hawa kumi na mmoja wanapigwa picha na sare ya kijani. Watafanya mtihani ng'ambo ya reli, na matokeo yatahesabiwa kule. Shule ile inataka idadi ya watahiniwa, kituo chake cha mtihani kisifungwe. Ninyi mtaambiwa kituo chetu kimejaa."

"Taratibu atakaa kwenye chumba cha watu asiowajua?"

"Ndiyo."

"Atarudisha karatasi nyeupe. Unajua atarudisha nyeupe. Hata jina hataandika."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Ukinywa chai yangu."

"Ukiacha siku ile ya begi," akasema, "ndiyo, nikinywa chai yako."

"Orodha uliandika wewe?"

"Aliniambia nitaje. Sikutaja. Akachukua karatasi za majaribio akataja mwenyewe, na mimi sikunyanyua kichwa. Hicho ndicho nilichofanya, Fundi. Sikunyanyua kichwa."

Nilijisikia kama mtu aliyekuta unywele kwenye kijiko cha mwisho, chakula chote kimeshashuka. Kinyaa kile hakikuwa kwake peke yake. Vidole hivi hivi ndivyo vilivyotarizi tusi juu ya begi la mtoto wa dada yangu, na nikaita watu waje kulitazama. Nne nilizitarizi. Nne!

Jumatano asubuhi nikavuka barabara. Ofisi ya Bwana Wastani ina vikombe vya dhahabu bandia hadi juu ya kabati la mafaili, na kila kikombe kina namba. Nilimwekea karatasi mezani, kidole juu ya namba sita.

"Huyu ni wangu."

Hakukana, na hilo lilinishangaza. Alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Fundi, wewe ni mtu wa biashara, tutaelewana. Lini mzazi aliingia humu akaniuliza mtoto wangu ameanzia wapi na amefika wapi? Hakuna. Wanasimama pale nje wanatazama geti. Geti likisema mia tatu arobaini na moja, wanaleta watoto. Likisema mia tatu na kumi, wanakwenda kwingine, na serikali inaniandikia barua. Wewe mwenyewe kibao chako kinasemaje?"

Macho yangu yakakimbilia dirishani, kwenye kibao changu ng'ambo ya barabara.

"Ile shule itawapokea vizuri. Mtihani ni ule ule."

"Mtoto wangu hazungumzi na wageni."

"Mtihani hauzungumzwi, unaandikwa." Kisha akachukua kalamu nyekundu. "Lakini sikiliza, sitaki ugomvi na jirani. Huyu wako namtoa. Mmoja hatuzamishi. Sare za wale kumi wengine wewe shona, Ijumaa asubuhi nizikute." Akapiga mstari juu ya namba sita, mstari mmoja ulionyooka. "Umeridhika?"

Nitaandika nilichosema, kwa sababu nikikiacha hadithi hii itakuwa uongo. Nilisema, "Nimeridhika. Asante, Mwalimu." Nilimwambia asante! Nikatoka na karatasi yangu kama mtu aliyetoka dukani na chenji kamili.

Nikakaa kwenye cherehani. Nikashona mikono ya namba moja, nikaweka kola ya namba mbili.

"Vipi?" akauliza Fundi Viatu.

"Taratibu ametolewa."

"Na wengine?"

Nikakanyaga cherehani. Inapiga kelele vizuri ukiikanyaga.

Yeye akaendelea na kiatu chake. "Mimi wale siwajui kwa mabega," akasema, hakunitazama. "Nawajua kwa nyayo. Huyo namba tatu wako ana kisigino kinacholika upande wa ndani. Basi atavuka reli kwa soli niliyompiga mimi, na shati ulilomshona wewe. Tumempamba kweli kweli, Fundi. Tumebakisha kumsukuma tu."

"Wewe mzee, fanya kazi yako."

"Naifanya. Yako inakwendaje?"

Alasiri Taratibu akarudi. Akatundika begi, akachukua karatasi, akakaa kwenye ndoo yake. Akauona mstari mwekundu.

"Namba sita imekatwa."

"Ndiyo, mama. Wewe utabaki bluu. Utafanya mtihani darasani kwako, kwenye dawati lako."

Nilingoja afurahi. Ningeweza kutunga sindano tatu.

"Na pacha?"

"Pacha wana mama yao."

"Mama yao hajui kusoma," akasema Taratibu. "Nani atamsomea?"

Akaiweka ile karatasi juu ya meza, akailainisha kwa kiganja, na hakunisomea namba saba. Nikatoa shati la namba mbili kwenye cherehani, nikalitazama, lilikuwa shati zuri, nikaliweka chini kama kitu cha wizi.

Sasa, mimi si mtu wa hotuba. Ila kuna jambo moja kwenye kazi yangu ambalo halina ubishi: fundi akikuita kujaribu, unakuja. Mzazi anaweza kukataa kikao cha shule, akakataa hata mwaliko wa arusi, lakini ukimwambia njoo mtoto ajaribu sare, atakuja na mtoto, shangazi na jirani. Nilimaliza mashati yote kumi na moja, namba sita pia. Fundi Viatu akatoa habari kwa kila aliyeleta kiatu, mimi kwa kila aliyepita, na Alhamisi baada ya masomo kibaraza kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mawe ya mtaro. Chai ilikuwepo. Kelele zilikuwepo. Yule anamwambia huyu mwanao amenenepa, huyu anajibu ni wewe umekonda.

Nikatoa mashati.

"Fundi, umepofuka?" muuza mkaa akasema. Ana mikono iliyoshiba weusi mpaka haitoki kwa sabuni. "Hii ni kijani."

"Mvalishe kwanza."

"Nimvalishe ya nini, wakati—"

"Dada, mvalishe."

Akamvalisha. Likamkaa yule binti kama lilimea juu yake. Pacha wakavaa, likawakaa. Yule mwenye kwapa pana, likamkaa. Taratibu naye akavaa lake, bega likatulia mahali pake. Kumi na moja wamesimama kibarazani kijani kitupu, na kelele zikapungua zenyewe, kama redio inayoishiwa betri.

"Karatasi inasemaje?" akauliza mama wa pacha. Aliiona mezani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilinyoosha mkono niichukue. Taratibu alishaichukua. Watu zaidi ya thelathini, nusu yao wageni kwake, na yule mtoto anayejifunga kama mfuko akasimama mbele yao na shati la kijani.

"Namba nne," akasoma. "Ki... kifua ishirini na sita." Akameza mate. Hakuna aliyemharakisha, hata mimi. "Mkono kumi na saba. Namba tano. Kifua ishirini na sita na nusu. Mkono kumi na saba."

"Hao ni wangu," akasema mama wa pacha. "Huyo wa nusu ndiye wa kwanza kuzaliwa. Nani aliwapima wanangu kwa shule isiyo yao?"

"Mimi niliwapima kwa shule yao," nikasema. "Aliyewahamisha ni mwingine."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipomwona Mwalimu Chaki. Alikuwa ametoka getini, amesimama katikati ya barabara, na mwendesha baiskeli anampigia kengele. Akaja mpaka ukingo wa kibaraza. Kichwa alikuwa amekinyanyua.

"Kwa sababu wanashusha ile namba," akasema, akaonyesha nyuma yake bila kugeuka. "Kesho wanapigwa picha kama wanafunzi wa ng'ambo ya reli. Nanga maana yake ni hiyo. Mimi ni mwalimu wao, nilijua, sikuwaambia."

Mama wa pacha na muuza mkaa walitazama mabegi. Kisha wakanitazama mimi. Sitayasahau macho yale, na sikujitetea.

Muuza mkaa ndiye aliyetangulia kuvuka. Tukamfuata wote, watoto mbele, kijani yao inaingia kwenye geti la bluu, na Bwana Wastani anatoka mbio ofisini huku anafunga kifungo cha koti.

"Wazazi! Wazazi wangu! Mnaishusha shule yenu wenyewe!"

"Ishuke," akasema muuza mkaa. Alikuwa amemvua bintiye shati la kijani alilolivaa juu ya sare, akalitundika ukingoni mwa geti, juu ya ile namba, na alipoegemea geti kulifikia alama ya mkono wake ikabaki pale: vidole vitano vyeusi juu ya tatu, nne, moja. "Mpige picha. Anza na hii."

Hatukupiga mtu. Tulikaa tu. Tulikaa kwenye madawati, kwenye ngazi, mezani kwa karani, na Fundi Viatu alikalia kiti cha mwalimu wa dirishani akavua viatu. Ijumaa asubuhi tulikuwa tumerudi palepale, watoto na mashati ya bluu, mpaka karani akaandika majina kumi na moja kwenye kitabu cha usajili, kwa herufi, moja baada ya jingine, na Taratibu amesimama nyuma yake anasoma kuhakikisha. Alimkuta amekosea mawili.

Mtihani aliufanya kwenye dawati lake. Alimaliza maswali yote isipokuwa matatu ya mwisho, muda ulimwacha. Alipata arobaini na sita kwa mia.

Ningependa niishie hapo. Lakini namba ya shule ilitoka mia tatu na kumi na mbili na ushee, na barua ikaja kutoka ofisi ya elimu: mwalimu mkuu aeleze kwa nini ufundishaji umeshuka. Walimu ni wale wale, ubao ule ule, chaki ile ile. Kilichoongezeka ni watoto kumi na mmoja waliokuwepo siku zote. Bwana Wastani akaeleza kwa kumtoa Mwalimu Chaki darasa la mwisho na kumpeleka darasa la kwanza, watoto sabini na wawili, wafundishwe kusoma. Ndiyo adhabu yenyewe. Watu wazima, wenye vyeti, wamekaa mezani wakafikiri, na adhabu kubwa waliyoiona duniani ni kumfundisha mtoto kusoma. Mwalimu Chaki akaniambia anaondoka na kiti chake. Wamekipeleka kule pia.

Sare nazo zikaenda kwa fundi mwingine. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni muuza mkaa. Alikuja wiki iliyopita kuniletea kitambaa.

"Cha nani?"

"Cha mdogo wake binti yangu. Namhamishia ng'ambo ya reli."

"Wewe? Wewe wa vidole vitano?"

"Fundi, usinitazame hivyo. Geti limeshuka. Ya kwao imepanda kidogo, wameandika ukutani. Na mimi nina mtoto wa pili wa kumfikiria."

Kitambaa kilikuwa kijani. Nikampokea. Sikutema mate kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni.

Jana mchora mabango amekuja tena na ngazi. Safari hii hakuandika kitu. Ameambiwa apake bluu juu ya yote, geti libaki tupu. Bwana Wastani hakusimama chini ya ngazi. Taratibu alikuwa kwenye ndoo yake, amelitazama geti muda mrefu.

"Bado inasomeka, Mama Mdogo."

Nikainua macho. Kweli. Rangi yenyewe ya bei ya chini, wamekoroga maji mengi, na chini yake ile namba inaonekana, na vidole vya muuza mkaa pia.

"Achana nayo," nikamwambia, nikatandika kitambaa. "Nisomee huyu."

Akafungua daftari. Nikashika mkasi, nikangoja.